Manjano ni Kiungo, Uvimbe Upelekwe Hospitali

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Ugweno alitungoja nje ya msikiti. Mkononi alikuwa na simu yenye ujumbe uliosambazwa: rangi ya manjano imeua seli za saratani maabara. “Ustadh,” akatuuliza, “mama watoto ana uvimbe wa titi tangu Mfunguo Mosi. Anakunywa manjano kila asubuhi. Kuna haja gani ya kuteremka Moshi?” Tayari tulikuwa tumeingia Mfunguo Tano.

Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Manjano yana kurkumini, ndiyo inayoyapa rangi, na ni kweli kwamba wataalamu wameitia juu ya seli za saratani zikafa. Lakini seli hizo huishi katika kisahani. Mashuhuri kati yake, ziitwazo HeLa, zilitoka katika uvimbe wa Henrietta Lacks wa Marekani mwaka 1951, na zinazaliana hadi leo. Kisahani hakina tumbo, ini wala damu. Kinachojaribiwa humwagiwa seli moja kwa moja. Hata siki kali ingeziua.

Mwilini mambo ni mengine. Kurkumini huharibika upesi, na kiasi kidogo mno cha tunachomeza hufika katika damu. Tena rangi hiyo hiyo inayong’ang’ania mwiko na vidole vya wapishi huweza kuvuruga vipimo vinavyosomwa kwa mwanga, ikaonekana kana kwamba imefanya kazi. Mwaka 2017 wanakemia walipitia tafiti zake, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa watu kuhusu maradhi mbalimbali. Hawakukuta hata moja, miongoni mwa yale yaliyolinganisha kwa uadilifu waliopewa kurkumini na wasiopewa, lililofaulu.

Hatusemi kwamba mimea haina dawa. Vinkristini, inayotumika hospitalini kutibu saratani ya damu, hutokana na ua dogo la Madagaska ambalo wengi hulipanda uani kama pambo. Lakini kiini chake kilitengwa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa wagonjwa ndipo kikaitwa dawa. Atakayelitafuna ua lenyewe atakula sumu.

Manjano yabaki katika mchuzi, na anayeyanywa kwa wingi amweleze daktari. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, na kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu. Saratani ya titi ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa husambaa.

Mzee yule alikubali. Kamati ikachangia nauli, na Jumatatu alfajiri aliteremka na mkewe kupitia Mwanga hadi KCMC. Tunapoandika haya, majibu bado hayajatoka, nasi tunamwombea.

Kwenu akina baba: mke, mama au dada akikutajieni uvimbe, msingoje mwezi wa pili uandame. Mpelekeni.