Asilimia 3 Isiyowafikia Vijana Wenye Usonji



Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ni nzuri. Twauliza tu: katika viwanda vya Chang'ombe, katika maduka ya Kinondoni, na katika shule na zahanati zetu wenyewe, ni nani anayehesabiwa ndani ya asilimia hiyo?

Mwajiri akikumbuka ulemavu, hukumbuka kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Hao nao bado hawajatendewa haki ipasavyo, wala hatutaki wapunguziwe nafasi. Lakini kijana mwenye usonji hana alama yoyote mwilini. Basi huitwa mkaidi, mvivu, na wengine (hata miongoni mwetu tusalio rozari kila jioni) humwita mwenye mapepo.

Mlango unaomfungia ni usaili. Huketishwa mbele ya watu watano, akaulizwa maswali ya haraka haraka. Asipowatazama machoni, yasemekana ana kiburi au anaficha jambo. Kumbe kazi yenyewe ni kupanga mafaili, kuhesabu magunia ghalani, au kushona sare za shule. Tangu lini mshonaji akapimwa kwa ulimi wake? Apewe majaribio ya wiki mbili, yenye malipo, cherehani ikiwa mbele yake. Aelezwe kazi hatua kwa hatua, kwa maandishi au kwa picha. Akae mbali na kelele za jenereta, na zamu yake isibadilishwe ghafula. Hawafanani wote: wapo wasiosema kabisa, wapo waliohitimu chuo kikuu, na wapo watakaohitaji msaada mkubwa zaidi ya huo. Lakini kwa walio wengi hatujajaribu hata haya machache, ambayo gharama yake haifikii ile ya semina moja.

Wazazi hutuambia, "Padre, afadhali akae nyumbani, huko mjini watamwonea." Hofu hiyo twaielewa, anayepanda daladala za Mbagala asubuhi aijua. Hata hivyo mama huyo anazeeka. Siku atakapofumba macho, nani atamlisha mwanawe mwenye miaka 40 ambaye hakufundishwa kazi wala kushika mshahara?

Liko jambo linalotuudhi zaidi. Katika vigango kijana wa namna hii hufagia kanisa, hupanga viti, huchota maji, mwaka baada ya mwaka, naye hupewa soda na sifa. Twasema "anajishughulisha". Mwingine angefanya hayo hayo tungemwita mfanyakazi, na angelipwa. Mintarafu haki hiyo, Papa Yohane Paulo II alikwisha kusema wazi katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 22: mwenye ulemavu ana haki ya kazi, ya ujira wa haki, na hata ya kupandishwa cheo. Kupandishwa cheo, wapendwa! Sisi bado tuko kwenye soda.

Shule yenye wafanyakazi 34 tayari inadaiwa angalau mtu mmoja. Hospitali yenye 100 inadaiwa watatu. Katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei, mwenyekiti aombe daftari la mishahara, si daftari la misaada, na majina yahesabiwe.