Tuchangie Elimu ya Falaki katika Shule za Vijijini



Ibada zetu zimefungamana na mbingu. Sala tano hufuata mwendo wa jua. Saumu na Hija hufuata mwezi. Kibla chenyewe ni suala la kujua tulipo juu ya uso wa dunia. Kurani Tukufu, katika Surat Yunus, yatufundisha kwamba mwezi umepimiwa vituo ili wanadamu wajue idadi ya miaka na hesabu. Fundisho hilo latutaka tuhesabu, si kutazama tu na kustaajabu.

Basi na tuulizane kwa haki. Katika safu zetu za Ijumaa, ni wangapi wanaoweza kumweleza mtoto kwa nini mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama, wala hauonekani mashariki? Ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani mwa msikiti, ni nani kati yetu ajuaye ilivyokokotolewa? Twaitumia kila siku kama mtu atumiaye saa ya jirani, na siku jirani akihama tutabaki hatujui wakati.

Kwa sababu hiyo twaleta hoja mbele yenu: kila msikiti wetu uchangie masomo ya falaki katika shule moja ya kijijini iliyo karibu nao. Twajua wapo watakaoipinga hoja hii, nao wana sababu zinazostahili kujibiwa.

FALAKI SI RAMLI

Sababu ya kwanza ni jina lenyewe. Katika Kiswahili chetu, asemaye kwamba fulani anapiga falaki humfikiria mganga aliyekaa mkekani, anayeuliza jina la mama wa mgonjwa, kisha akatamka nyota yake ni Nge au Mizani, akatoza fedha na kuagiza kuku. Jina la elimu tukufu limenyakuliwa na wauza hofu. Ndiyo maana mzazi akisikia mwanawe anafundishwa nyota, moyo humshtuka.

Elimu tunayoisema ni nyingine kabisa. Mpiga ramli hudai kwamba nyota zinajua mambo ya mtu. Mwanafalaki hupima zilipo, zinakokwenda na zitakaporudi, na yeyote mwenye shaka aweza kupima mwenyewe. Kipenzi chetu Mtume Muhammad (s.a.w.) ndiye aliyeupiga mstari baina ya mambo hayo mawili. Alipofariki mwanawe mdogo Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa msiba huo. Angalikuwa mtu wa kutafuta sifa, angalinyamaza. Lakini aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote, akawaamuru kusali. Leo wanafalaki wakirudisha hesabu zao nyuma karne kumi na nne, wanaona kwamba jua lilipatwa Madina tarehe 27 Januari 632. Hesabu hiyo hupatikana kwa sababu jua na mwezi vina mwendo usiobadilika kwa matakwa ya mtu.

Wazee wetu katika dini waliifahamu tofauti hii. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa karne ya 14, alikuwa mwekaji nyakati wa Msikiti wa Banu Umayya mjini Damascus. Saa ya kivuli aliyoitengeneza mwaka 1371 iliwekwa juu ya mnara wa msikiti huo. Abdul-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na hadi leo ulimwengu mzima unaziita nyota nyingi kwa majina ya Kiarabu: Aldebaran, Altair, Vega, Deneb, Rigel. Kuna wakati, basi, msikiti ulimwajiri mpima nyota. Sisi leo twaona ajabu kuombwa tumnunulie mwalimu wa kijijini ramani ya nyota.

PAA LINAVUJA

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Waumini watasema: paa la madrasa linavuja, shule ile ile mnayoitaja haina madawati, na msichana wa darasa la sita anatembea kilomita nyingi kuchota maji; nanyi mnatuomba fedha za nyota?

Hatuipuuzi hoja hii. Paa litengenezwe na maji yachimbwe. Lakini tusisahau kwamba mtoto wa maskini ananyimwa mara mbili: mara ya kwanza anaponyimwa dawati, na mara ya pili tunapoamua kwa niaba yake kwamba kwa kuwa hana dawati, hana haja ya kujua. Mada ya mfumo wa jua imo katika Jiografia ya sekondari, na kwa miaka mingi mada ya astronomia iliwekwa karibu na mwisho wa Fizikia ya kidato cha nne. Walimu wametueleza yanayotokea: mtihani unakaribia, vifaa hakuna, mwalimu mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa, na mada inasomwa ubaoni kwa siku moja au inarukwa.

Na huku ndiko kuna mbingu! Mtoto wa Kariakoo akitazama juu usiku huona nyota za kuhesabika, kwa kuwa taa za mji zimezifunika. Mtoto wa kijiji kisicho na umeme, usiku usio na mwezi wala mawingu, huona nyota zaidi ya elfu mbili kwa macho yake matupu. Babu yake alikijua Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopewa jina kutokana na kulima, na alipanga shamba lake kwa kukitazama. Mwenyezi Mungu amempa mtoto huyu maabara ambayo vyuo vikuu vya mijini havina. Anachokosa ni wa kumwelekeza.

KIJITI KIMOJA

Sehemu kubwa ya elimu hii haihitaji fedha nyingi. Mara mbili kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Wakati huo ni saa 6 na dakika 18 mchana katika Mei, na saa 6 na dakika 27 katika Julai, kwa saa za Makka, ambazo ni sawa na saa zetu za Afrika Mashariki. Mwanafunzi akisimika kijiti wima uwanjani dakika hiyo, akakiangalia kivuli chake, kivuli kitaelekea mbali na Makka. Akigeuka upande wa jua, ameelekea kibla. Wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa atajikuta ameelekea karibu kaskazini kamili, kwa kuwa miji hiyo imo karibu katika mstari mmoja na Makka. Wa Kigoma atajikuta ameegemea upande wa mashariki. Mtoto aliyefanya zoezi hili amesoma jiografia, hisabati na dini kwa kijiti kimoja.

Ampe mwenziwe daftari, wachore umbo la mwezi kila usiku kwa miezi miwili. Watagundua wenyewe kwamba tangu mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na kidogo, kwamba miezi kumi na miwili hutoa siku 354, na kwamba hiyo ndiyo sababu Ramadhani huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kizazi kinachokua na maarifa hayo kitajadili kwa utulivu suala la mwandamo, ambalo kila mwaka hututia fadhaa, hawa wakiwa katika Idi na wale wamefunga. Hatusemi hitilafu za fikihi zitakwisha kwa darubini. Twasema tu kwamba watu watajua wanachohitilafiana, na shahidi atakayedai kuuona mwezi uliokwisha kuzama kabla ya jua ataulizwa maswali.

KOSA LETU WENYEWE

Haifai kuwaomba fedha bila kuwaeleza namna tulivyowahi kuzitumia vibaya. Miaka iliyopita tulikusanya mchango wa namna hii baada ya sala ya Ijumaa. Waumini walitoa kwa ukarimu. Hata wanafunzi wa madrasa walileta sarafu. Tulinunua darubini nzuri, tukaipeleka shuleni kwa hotuba na picha, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Hatukumfundisha mwalimu hata mmoja. Tulipopita tena baada ya mwaka, darubini ilikuwa kabatini, kioo chake kimeota ukungu, ufunguo uko kwa mwalimu aliyehamishwa, na miguu yake mitatu ilikuwa inashikilia ubao wa darasa la pili. Shule haikuwa na kosa. Sisi tulinunua chombo tukadhani tumenunua elimu.

Kutokana na aibu hiyo tumejifunza utaratibu tunaoupendekeza sasa. Fedha za kwanza zimwendee mwalimu: nauli yake, chakula chake, na siku chache za kufundishwa na wanaojua. Fedha za pili zinunue vitu vidogo: madaftari, dira, mpira na taa ya kuonyeshea mchana na usiku, na ramani ya nyota iliyochorwa kwa nchi zilizo karibu na ikweta, kwa maana zile za Ulaya hazilingani na mbingu yetu. Kisha zije darubini ndogo za macho mawili. Darubini kubwa iwe ya mwisho, nayo izungushwe shule kwa shule. Jambo hili linawezekana: nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wamekuwa wakisafiri na darubini yao kwenda kwa watoto wa shule, wakiwamo wa vijijini, wala hawakungoja kila shule ipate yake.

Kuhusu fedha zenyewe, twasisitiza mambo matatu. Zaka isiguswe, maana wenye haki nayo wametajwa katika Surat At-Tawba. Mchango huu utoke katika sadaka za hiari. Kamati iwe ndogo, awemo mwalimu, mzee wa msikiti na mama mzazi, na hesabu isomwe mbele ya waumini kila mwezi, hata kama kilichoingia ni shilingi elfu mbili. Na msaada uwafikie watoto wote wa shule bila kuulizwa dini zao. Nyota zinawaangazia wote.

SIKU ILIYO MBELE

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete kusini mwa Tanzania, na watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Waliokuwa na miwani maalumu waliona pete. Katika vijiji vingine watoto walifungiwa ndani kwa hofu, au walitazama kwa vioo vilivyopakwa masizi, jambo linaloweza kuharibu macho kwa maisha yote.

Tarehe 2 Agosti 2027 ni siku nyingine ya kupatwa kwa jua. Kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka yenyewe, na mchana utageuka giza pale kwa takriban dakika tano. Kwetu Afrika Mashariki jua litafunikwa kwa sehemu. Misikiti itasali sala ya kupatwa kwa jua, kama Sunna ilivyo. Swali letu ni hili: watoto wa shule za vijijini, watakapotoka nje siku hiyo, watakuwa na nini mikononi na nini vichwani? Kwa mchango wa miezi michache, msikiti mmoja waweza kuipatia shule moja miwani salama, na mwalimu mmoja awezaye kueleza kinachotokea.

Elimu yenye manufaa ni miongoni mwa matendo ambayo thawabu yake haikatiki mtu anapokufa. Aliyejenga ukuta ameacha ukuta. Aliyemfundisha mtoto kusoma mbingu ameacha mtu atakayewafundisha wengine. Ijumaa ijayo, kisanduku kitakapopita, tukumbuke kijiti, daftari na mwalimu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, atukubalie sadaka zetu, na atulinde tusirudie makosa yetu. Amin.