Deheni, Rangi na Amana ya Chombo



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, kijana mmoja mvuvi wa hapa Bofa alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa na masuala mawili. La kwanza: mashua yao imepandishwa ufukoni kwa matengenezo ya msimu huu wa kusi, naye na nduguye wamehitilafiana. Mkubwa ataka ipakwe deheni kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yao; mdogo ataka rangi ya dukani, maana yang'aa na hudumu. La pili alilitamka kwa sauti ya chini: shahamu ya deheni waliyouziwa kwa bei nafuu wameambiwa kuwa ni ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. "Maalim, yafaa?"

Nitalitanguliza hili la pili, kwani ni suala la kale kuliko mashua zetu zote. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) alitaja vitu ambavyo biashara yake ni haramu, na mzoga ukiwa mmoja wapo. Akaulizwa juu ya shahamu ya mzoga, maana watu walikuwa wakipakia vyombo vya baharini, wakilainishia ngozi na kuwashia taa. Akakataza. Hadithi hii ameipokea Jabir bin Abdillah, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wengi wameelewa kuwa katazo ni la kuuza na la kutumia pia. Ama Imamu Nawawi ameeleza kwamba lililo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa katazo ni la kuuza. Kuipaka chombo kunajuzu, maadamu hailiwi wala haipakwi mwilini.

Kwa hivyo kijana wetu asiuogope ubao, auogope ununuzi. Kuiuza hakufai na kuinunua hakufai. Airudishe, adai fedha zake, anunue shahamu ya mnyama aliyechinjwa. Na ikiwa imemgusa mkononi au nguoni, ni najisi. Aioshe kabla ya kuswali.

Sasa turejee kwenye ugomvi wa ndugu wawili. Kabla ya kuchagua dawa, yafaa kumjua adui. Mdudu anayekula mbao za vyombo si mdudu wa kawaida. Ni wa jamaa ya chaza na kombe. Huingia angali mchanga, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani na kuchimba njia yake huku akiipaka chokaa. Nje ubao waonekana mzima, ndani umekuwa kama sega la nyuki. Adui wa pili ni viganda vinavyoshika chini ya chombo na kukifanya kizito. Wa tatu ni jua, linalopasua mbao za juu.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya kila mmoja. Sehemu ya juu waliipaka sifa, yaani mafuta ya papa, ili mbao zisikauke na kupasuka. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka wa 1183, ameandika kuwa vyombo vya huko vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Sehemu ya chini waliipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Viwili hivyo vikikutana hufanya kitu mfano wa sabuni isiyoyeyuka majini, kikaganda juu ya ubao na kumzuia mdudu. Lakini deheni haidumu. Baada ya miezi michache hubanduka, na chombo hakina budi kupandishwa tena bamvuo linapokuja, kikwanguliwe, kipitishwe moto wa makuti, kikalafatiwe panapovuja, kisha kipakwe upya.

Hapo mdogo mtu husema: basi, kazi yote hiyo ya nini, na rangi ipo? Nami niliwahi kusema hivyo. Ujanani mwangu, mimi na shemeji yangu tulikuwa na dau. Tulikuwa na haraka ya kuwahi msimu, tukalipaka rangi ya milango siku mbili tu baada ya kulitoa majini, mbao zingali na unyevu. Likang'aa kama bibi harusi, nasi tukaacha kulikagua. Rangi ilifungia maji ndani ya ubao. Mahali ilipobanduka, mdudu akaingia. Siku moja shemeji yangu alikuwa nje ya miamba na mabaharia wawili, maji yakaanza kupanda kutoka kando ya mkuku. Wakafua maji kwa ndoo hadi pwani. Alhamdulillahi walirudi wazima. Nilipoubonyeza ule ubao, kidole changu kilizama.

Rangi si mbaya. Chombo kinachokaa majini mfululizo, kama vile vinavyotia nanga katika mkono wa bahari wa Kilifi, hufaidika na rangi maalumu ya chini yenye shaba, mradi ubao uoshwe kwa maji matamu, ukauke barabara, ukwanguliwe, na upakwe rangi ya msingi kwanza. Lakini mtu asinunue kopo lisilo na maelezo. Ulimwengu ulikuwa na rangi yenye sumu ya bati iliyosifiwa sana kwa kudumu. Ikaja kuonekana inaharibu chaza, hata Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka wa 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulipitishwa mwaka wa 2001 na kuanza kutumika mwaka wa 2008. Na rangi yoyote ya chini inapokwanguliwa, vumbi lake likusanywe, lisiachwe mchangani wanapocheza watoto. Oili chafu ya injini nayo iepukwe: huchafua maji, na rangi haishiki juu yake.

Kwa ndugu hawa wawili, mbao zenyewe zimekwisha kuhukumu. Ubao ulioshiba shahamu ya baba yao kwa miaka mingi hautashika rangi. Chini wapake deheni. Sehemu za juu ambazo hazijaingia mafuta, mdogo na apake rangi yake zikishakauka. Kisha wagawane zamu: kila bamvuo mmoja apite na nyundo, agonge ubao baada ya ubao, na panapolia kama papo tupu atoboe atazame.

Katika Suratul Kahf tunasoma habari ya jahazi la masikini waliofanya kazi baharini. Khidhr alilitia ila kwa makusudi, ili mfalme dhalimu asilinyakue. Ila tunazozitia sisi hutokana na uvivu na haraka, nazo hazimwokoi mtu. Wanaopanda chombo chako ni watoto wa watu. Mama zao wamekukabidhi.

Wabillahi tawfiq.