Mguu wa Bandia si Zawadi ya Sherehe

Ni jambo la kawaida nchini kumwona kiongozi akimkabidhi mwananchi mguu wa bandia mbele ya hadhara, ngoma zikilia na picha zikipigwa. Hisani hiyo hatuibezi. Tunachouliza ni nani atakayeutengeneza mguu huo utakapolegea.

Maana kulegea utalegea. Kigutu cha aliyekatwa mguu hupungua unene katika miezi ya mwanzo, na mguu wa bandia usiomkaa sawasawa humchubua hata ukamtia vidonda. Mtoto naye hukua, akauacha mguu wake kama anavyoviacha viatu. Mtu huyo atamhitaji fundi maisha yake yote.

Sasa tumfikirie mkulima wa kahawa wa Hasamba, wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, aliyepoteza mguu kwa ajali ya pikipiki au kwa maradhi ya kisukari. Akielekezwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ana zaidi ya kilomita 850 mbele yake. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba hayo ni ya bara peke yake. Mvuvi wa kisiwani aishiye mbali na hospitali kuu yumo katika dhiki hiyo hiyo, na maji ya chumvi hula upesi vyuma vya goti la bandia.

La kushangaza ni kwamba ufundi tunao. Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo KCMC, Moshi, kilianzishwa mwaka 1981, mwaka ule ule ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa walemavu duniani, na vijana wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Huko Jaipur, India, ulibuniwa mwaka 1968 mguu wenye wayo wa mpira unaomwezesha mtu kuchuchumaa na kukanyaga tope bila kiatu. Mkulima wetu angehitaji nini zaidi?

Sheria pia zipo. Ile ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Lakini mkopo huo ni wa biashara. Aliyelala ndani kwa kukosa mguu hataufikia, licha ya kuuzungusha.

Nasi majirani tuna letu: tuache kumwita mtu kwa kilema chake, kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina.

Tunazishauri Serikali zetu mbili zitenge fungu la kutengeneza viungo bandia, na mafundi wazunguke wilayani kwa tarehe zinazojulikana, kama kliniki za watoto zinavyowafuata akina mama vijijini. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi. Tungependa kuliona fungu hilo katika makisio yajayo, na kiasi chake kimeandikwa.