Upepo wa Tairi na Usalama wa Mgonjwa

Kabla gari la wagonjwa halijatoka Kiomboi kuelekea Singida mjini, mtungi wa oksijeni hukaguliwa. Tairi, mara nyingi, huambulia teke tu. Teke si kipimo, na kipimo chenyewe hutosha mfukoni. Tairi yenye upepo pungufu hujikunja ubavuni, hupata joto na huweza kupasuka. Iliyojazwa kupita kiasi hudunda, na kila mtikisiko humfikia mwenye mfupa uliovunjika. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, wala si ubavuni mwa tairi, palipo na kikomo cha juu. Upepo upimwe alfajiri, tairi zikiwa baridi. Muuguzi anayemsindikiza mgonjwa naye anayo haki ya kuuliza: “Dereva, umepima upepo leo?”