Volti zimezidi? Pima kwanza

Sisi watu wa programu tuna tabia moja mbaya: kitu kikikataa, unabadilisha mstari mmoja, unaendesha tena, unaona. Kwenye amplifaya ya gita ya vali, tabia hiyo itakula pesa zako, na pengine ikuue.

Chukua Fender Champ 5F1, ambayo wengi huanza nayo. Umeiunda, unapima, unakuta volti 450 mahali mchoro unasema 340. Mbio dukani kutafuta transfoma nyingine! Ngoja. Ile vali ya 6V6 iko kwenye soketi? Bila vali ya kuvuta mkondo, kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani volti za transfoma mara 1.41. Sasa 325 mara 1.41 ni karibu 460. Hakuna kilichoharibika.

Vali ikiwemo na bado ziko juu, pima stima ya ukutani. Transfoma iliyosukwa kwa volti 230 ukiilisha 240 zetu hupandisha kila kitu kwa asilimia 4, hata zile 6.3 za filamenti. Kisha pima rezista ya kathodi: volti 19 kwenye omu 470 ni miliampea 40, sawa kabisa. Ukikuta sifuri, vali haipitishi kitu, anzia hapo.

Fender wenyewe waliandika kwenye michoro yao kwamba volti zaweza kupishana kwa asilimia 20. Mtu anayekesha kwa ajili ya volti 15 simwelewi.

Na jamani, ukichomoa plagi, kapasita bado zina stima. Zitoe chaji kupitia rezista, pima tena, ndipo uguse.