Mazungumzo ya Afya: Mtoto Alaye Asinenepe

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa matumbo, na jinsi madaktari wanavyoutafuta kwa picha. Maana liko neno moja ambalo mgonjwa asipolijua, huweza kuwapoteza njia madaktari wenyewe.

Ugonjwa huo huitwa seliaki. Katika ngano mna kitu kiitwacho gluteni, nacho ndicho kiufanyacho unga uvutike unapokandwa. Mwenye seliaki akila mkate, chapati au maandazi, mwili wake hukipiga vita kitu hicho, ukauumiza utumbo wake wenyewe. Utumbo mwembamba umefunikwa ndani kwa vidole vidogo sana, kama manyoya ya zulia. Kazi yao ni kufyonza chakula. Vikichakaa, chakula hupita bure. Mtoto huhara, tumbo hufura, viungo hukonda. Mtu mzima huenda akapungukiwa damu tu, asihare kamwe.

Samuel Gee, daktari wa London, alizieleza dalili hizi mwaka 1888, akasema kwamba tiba ni chakula. Lakini hakujua ni chakula gani chenye kosa. Aliyeitambua ngano ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa kuu ya huko, mwaka 1944 hata 1945, mkate ulikosekana, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 akayaandika hayo kwa urefu.

Basi, leo hutafutwaje? Kwanza hupimwa damu. Kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa kinywani hata mwanzo wa utumbo, vikakatwa vipande vidogo vya kutazamwa kwa hadubini. Tena tangu mwaka 2001 madaktari wanayo kamera iliyo kama kidonge kikubwa, urefu wake yapata milimita 26. Mgonjwa huimeza, nayo husafiri tumboni muda wa saa 8 hivi, ikipiga picha maelfu kwa maelfu, kisha hutoka chooni. Palipo na ugonjwa, mikunjo ya utumbo huonekana imepungua, kingo zake zina pengo pengo, na ngozi yake ina nyufa kama tope lililokaushwa na jua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wamejaribu kuzipima picha hizo kwa kompyuta, maana jicho la mtu huchoka.

Lakini picha si hakimu peke yake. Yako magonjwa mengine yauharibuyo utumbo vivyo hivyo, wala kidonge hakiwezi kukata kipande. Tena penye njia nyembamba huweza kukwama. Kwa hiyo hutumika hasa kwa asiyeweza kupitishwa mpira, na kwa yule aliyeacha ngano wala hapati nafuu.

Na neno nililosema ndilo hili: mtu asiache ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, vile vidole huanza kuota tena, alama za damuni hupungua, na picha huonekana safi. Ataambiwa hana ugonjwa, kumbe anao. Haraka haraka haina baraka.

Nanyi wazazi, msidhani kila mtoto aliyekonda ana seliaki. Huenda ni minyoo, au upungufu wa chakula bora, au maradhi mengine. Mpelekeni hospitali, msikisie nyumbani. Ikithibitika, ataacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Lakini hatakufa njaa: mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo havina gluteni, mradi unga wake usisagwe katika mashine iliyotoka kusaga ngano.

Nanyi walimu, mtoto wa namna hii akikataa andazi mbele ya wenzake, msimwite mwenye madeko, wala msiwaache wenzake wamcheke. Anaulinda uhai wake.